Godoro la Anselmo na Kitanda cha Mgodini

Eufrazia alilisikia godoro kabla hajaliona. Alikuwa ameketi barazani kwake Kasokola akipeta mchele, miguu ameinyoosha juu ya mkeka kwa sababu siku hizo ilikuwa inavimba, mara akasikia watoto wa jirani wanapiga kelele njiani kama kuna ngoma. Halafu ikatokea baiskeli, na juu ya baiskeli bunda kubwa la maua mekundu na manjano lililofungwa kwa kamba ya katani. Nyuma ya bunda, akisukuma na kutweta, alikuwa mwanawe wa kwanza, Anselmo, karani wa Tabora, amevaa Kaunda suti na viatu ambavyo asubuhi huenda vilikuwa vyeusi.

"Shikamoo mama," alisema Anselmo, akaegemeza baiskeli ukutani. "Nimekuletea godoro la sponji."

"Marahaba. Naliona. Na wenzangu wa kulala nao wako wapi? Maana hilo ni la watu watatu."

Anselmo alicheka, akidhani mama ametania. Alieleza jinsi alivyolipandisha kwenye treni, jinsi abiria wa daraja la tatu walivyoliomba tangu Kaliua mpaka Mpanda, huyu aegemeze kichwa, yule alaze mtoto. Eufrazia alilinusa.

"Ndiyo maana linanuka miguu ya watu," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Si kwamba hakuwa na haja ya godoro. Lake la sufi lilikuwa limekufa zamani. Sufi imejikusanya mafundo mafundo kama viazi, na panya wameshafungua mlango upande wa kichwani. Lakini chini ya godoro lile kulikuwa na kitanda, na kitanda ndicho kilichomweka hai. Marehemu mumewe, Gaspar, alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ya mgodini. Wazungu walipofunga mgodi na kuondoka, kila mtu alibeba alichoweza: huyu mabati, yule milango. Gaspar alibeba kitanda cha wagonjwa, cha chuma, chembamba na kirefu, kilichopakwa rangi nyeupe. Katikati kilikuwa na bawaba, na miguuni kilikuwa na mkono wa kuzungusha. Ukiuzungusha kulia, skrubu ndefu iliyopita chini ya kitanda inasukuma, na upande wa kichwani unanyanyuka taratibu mpaka mtu anakuwa amelala na huku amekaa. Gaspar alikisifia kitanda hicho kama wengine wanavyosifia ng'ombe. Watu walipoambiwa wahame kutoka mashambani wajenge pamoja kando ya barabara, Gaspar alikuwa ameshafariki, na Eufrazia alikataa kupanda lori mpaka kitanda kimepanda kwanza.

Tangu kifua kianze kumbana, hakuweza tena kulala chali. Akilala sawasawa, pumzi inakwama kooni na moyo unapiga kama mchi. Akizungusha ule mkono na kuinua kichwa, anapumua kama mtu.

Sasa Anselmo aliingiza sponji chumbani, akalitandika juu ya kitanda cha baba yake, akarudi nyuma kulitazama. Pembeni kote kuwili lilining'inia kama midomo ya mtu aliyenuna. Miguuni lilikuwa fupi, limeacha vyuma wazi.

"Kaa ulijaribu, mama."

Eufrazia alikaa ukingoni. Ukingo haukuwa na kitu chini yake. Godoro lilijikunja, likamtelezesha polepole hadi sakafuni, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemshusha mgonjwa.

"Hukuuliza upana?" alisema akiwa palepale chini.

"Godoro ni godoro, mama."

"Ehe. Na karani ni karani. Lete kisu tulikate."

Anselmo aliruka kama aliyeambiwa amkate mtoto. "Kulikata! Hili limetoka kiwandani Dar es Salaam!"

"Hata khanga inatoka kiwandani, na naikata vizuri tu."

Lakini Anselmo hakutaka kusikia. Godoro halikatwi, alisema. Kitanda ndicho kitakachopanuliwa. Na wa kukipanua alikuwepo: shemeji yake, Fabiani.

Eufrazia alifumba macho aliposikia jina hilo. Fabiani alikuwa mume wa binti yake Imakulata. Alitoka Kapalamsenga, kule ziwani, akaingia Kasokola na magunia ya dagaa, akauza dagaa, akamwona Imakulata, na akabaki. Kwao alikuwa anasaidia kuunda mitumbwi, na kwa sababu hiyo alijiita fundi wa kila kitu: wa meza, wa milango, wa redio. Kiti chochote alichokitengeneza kilikuwa na umbo la kutaka kuelea. Na alikuwa na maneno. Ukimwomba akugongee msumari mmoja, utasikia kwanza habari za dhoruba aliyoponea na samaki aliyemshinda baba yake.

Silaha ya Eufrazia dhidi ya mtu huyu ilikuwa mila. Mkwe haingii chumbani kwa mamamkwe, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake. Wakwe wengine pale kijijini walikuwa wameshalegeza kamba. Wengine walikaa barazani pamoja wakacheka. Eufrazia hakulegeza hata uzi. Tangu arusi, Fabiani hakuwahi kuvuka kizingiti chake, na alipotaka kumwambia kitu alimwambia kupitia kwa Imakulata, hata kama wote watatu wamesimama uani.

Kwa hiyo kitanda ndicho kilichotoka. Anselmo na majirani wawili walikibeba mpaka uani, kikasimama kwenye jua, miguu yake yenye kutu, rangi imebanduka, mbele ya macho ya kila aliyepita kwenda kisimani. Eufrazia aliona kama ametolewa nje akiwa hajavaa. Alikaa barazani, akajifunika khanga mpaka kidevuni, na akatazama.

Fabiani alikuja na msumeno, nyundo, na keekee ya kutobolea aliyoifunga kwenye gunia kama mtoto mchanga. Alimpa Eufrazia mgongo, kama ipasavyo, akazunguka kitanda akipigapiga vyuma kwa kidole.

"Shemeji, kazi hii ni ndogo," alimwambia Anselmo. "Tunatia mbao za mninga huku na huku, tunazifunga kwa bolti za lori. Mama atalala kama malkia."

"Imakulata," Eufrazia aliita kutoka barazani, "mwambie mumeo hicho si chombo cha majini."

Imakulata, ambaye mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa na miguu inamuuma, alimgeukia mumewe. "Mama anasema hicho si chombo cha majini."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

Mbao zililetwa, nzito, nyekundu, zinanukia vizuri. Hilo Eufrazia hakuweza kulikataa. Anselmo alivua koti lake, akashika penseli, akapima na kuandika tarakimu juu ya pakiti ya sigara kwa uso wa mtu anayejenga reli. Fabiani alitoboa chuma kwa keekee huku akihadithia jinsi alivyotoboa ubavu wa mtumbwi wa mjomba wake katikati ya mawimbi. Upande wa miguuni, pale godoro lilipokuwa fupi, waligongelea kipande cha ubao.

"Hapo mama ataweka rozari na kikombe chake," Anselmo alisema.

"Nitavifikia kwa vidole vya miguu," alijibu mama.

Halafu walichukua ubao mmoja mrefu, mzima, wakaulaza ubavuni mwa kitanda kuanzia kichwani hadi miguuni. Fabiani aliufunga bolti upande wa juu, ule unaonyanyuka. Akaufunga tena upande wa chini, ule usionyanyuka. Ubao ulipita juu ya bawaba kama bawaba haipo. Wakahamia ubavu wa pili na ubao mwingine kama huo.

Eufrazia aliliona hilo mara moja. Alikuwa amekilalia kitanda hicho miaka mingi. Alijua kinapokunjika kama anavyojua goti lake. Mdomo wake ulifunguka. Ingetosha neno moja. Imakulata alikuwa karibu, angelifikisha.

Akaufunga mdomo. Aliwatazama: yule na pakiti yake ya sigara, huyu na mawimbi yake, wameinama pamoja, wameridhika. Aliwaza: wamalize. Wafunge bolti ya mwisho, wafute jasho, wajisifu, halafu wazungushe. Akavuta khanga ikafunika mdomo, kwa sababu alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Walijisifu kweli. Fabiani alipiga ubao kofi. "Nimefunga kama mbavu za mtumbwi. Hata ziwa lichafuke vipi, hizi hazifumuki!"

"Zungusha tuone, shemeji," alisema Anselmo.

Fabiani alishika mkono wa kitanda, akazungusha. Mkono ulikwenda kidogo, ukagoma. Anselmo alisema ni kutu. Wakaleta mafuta ya mawese, wakalowesha skrubu. Fabiani akazungusha tena. Mbao zikalia, kitanda kikatetemeka, lakini kichwa hakikunyanyuka hata upana wa ukucha. Nyuma ya khanga, mabega ya Eufrazia yalikuwa yanacheza.

"Ngoja," Fabiani alisema. Alikanyaga fremu kwa mguu mmoja, akashika mkono kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zote za Kapalamsenga.

Ikasikika sauti kavu chini ya kitanda. Mkono ukaanza kuzunguka wenyewe, laini, bure, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa.

Eufrazia aliangua kicheko. Alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani na mchele ukamwagika. Halafu alimwona Fabiani akichungulia chini ya kitanda, akaona alichoshika mkononi: kipande cha skrubu, kimekatika. Akaacha kucheka.

"Imekatika kabisa," Fabiani alisema. Safari hii hakuhadithia kitu.

Eufrazia angeweza kunyamaza hata hapo. Lakini alikuwa ameshinda, na hakuwa mtu wa kushinda kimya kimya. "Mtu gani anafunga ubao mmoja kwenye kinachonyanyuka na kisichonyanyuka?" alisema kwa sauti. "Niliona tangu mlipoulaza!"

Fabiani aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu arusi, alimtazama mamamkwe wake usoni.

"Uliona?"

Eufrazia hakumtafuta Imakulata wa kumpa jibu. "Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nyie si mlikuwa mnajua kila kitu?"

Fabiani alikusanya msumeno, nyundo na keekee, akavifunga kwenye gunia, akaondoka. Imakulata alimfuata huku ameshika kiuno, na alipompita mama yake hakugeuka.

"Kwa nini, mama?" Anselmo aliuliza. "Ni kitanda chako."

Eufrazia aliinama kuokota mchele.

Likizo ya Anselmo ilikwisha. Aliondoka na treni akiahidi kutafuta skrubu kama ile Tabora, na mama yake alimwambia akiikosa atafute hata akili, kama bado zinauzwa. Lakini alipobaki peke yake, kitanda kilikuwa chumbani kimelala sawasawa kama meza, kipana, kizuri, na sponji limekaa juu yake bila kuning'inia popote. Alijaribu kulalia mito. Mito iliteleza. Alijaribu kulala ubavu, na pumzi ikakwama. Basi usiku akawa analala kwenye kiti, kidevu kifuani, na asubuhi miguu yake inakuwa imejaa kama viriba. Godoro jipya lilimtazama tu.

Imakulata alikuja na uji, akauweka, akamsubiri aanze kunywa. Mwishowe alisema, "Nimemwomba. Amekataa. Anasema ulitaka kumwona mjinga, na umeshamwona, basi kazi imekwisha."

"Mdomo anao huyo."

"Wewe je, mama?"

Eufrazia alikunywa uji hadi mwisho. Asubuhi iliyofuata alichukua fimbo, akajifunga khanga mbili, akatoka. Nyumba ya Fabiani haikuwa mbali, lakini kwa kifua kile alipumzika njiani mara kwa mara, na kila mahali alipopumzika alipanga maneno. Alipanga maneno mazuri ya upatanisho, ya Kikristo kabisa, padri angeyapenda. Alisimama nje ya ua wa mkwe wake, kwa sababu hata yeye hakupaswa kuingia. Fabiani alikuwa anapasua kuni. Alipomwona alitupa macho chini.

Eufrazia alifungua mdomo kutoa maneno yale mazuri. Hayakuwepo.

"Nakaa usiku kucha kama kuku anayeatamia," alisema. "Njoo umalize uharibifu wako."

Fabiani aliinua kichwa. Kwa muda ilionekana kama atarudi kwenye kuni zake. "Uharibifu wetu, mama," alisema. "Mimi mkono. Wewe mdomo."

"Mdomo ulikuwa umefungwa."

"Ndiyo huo ninaousema."

Walitazamana juu ya ua wa miti. Eufrazia alihema, akakishika kifua, na Fabiani akaona midomo yake ilivyopauka. Aliweka shoka chini.

"Nilikosea kunyamaza," Eufrazia alisema haraka, kama mtu anayemeza kwinini. "Haya. Leta msumeno."

Safari hii kitanda kilipotolewa uani, Eufrazia alisogeza kiti chake kutoka barazani hadi karibu kabisa, akasimamia kwa fimbo. "Kata hapa. Si hapo, hapa, bawaba inapoanzia." Fabiani alikata kila ubao vipande viwili, cha juu na cha chini, na kitanda kikakunjika tena. Skrubu haikuwa na dawa. Badala yake alichonga mhimili mnene wa mninga, akaupasulia ubao wenye meno mfano wa msumeno mkubwa, ili kichwa cha kitanda kikinyanyuliwa kwa mkono mhimili uingie kwenye jino na kukishika. Alikosea meno mara ya kwanza, yakawa yanaangalia chini. Eufrazia alimwambia hapohapo, kwa maneno ambayo Imakulata aliyasikiliza huku amejiziba masikio, na Fabiani akachonga upya huku akisema kwamba ziwani wanawake wa namna hii huwa wanasafirishwa peke yao.

Kilikubali. Tatizo likawa uzito. Zile mbao za mninga zilikuwa nzito, na kifua cha Eufrazia hakikuwa na jioni mbili zinazofanana: leo kinataka jino la chini, kesho la juu kabisa. Yeye mwenyewe hakuweza kunyanyua. Imakulata na mimba yake hakuthubutu. Matilda, mjane wa nyumba ya jirani, alijaribu mara moja, mhimili ukachomoka na kidole chake kikaponea chupuchupu. Akaapa kwa watakatifu wote hatakisogelea tena.

Jioni ya kwanza, kabla taa haijawashwa, Imakulata alisimama mlangoni mwa chumba. Nyuma yake, sebuleni, Fabiani alikuwa amesimama akiyatazama mabati kama anayahesabu.

"Mama. Aingie?"

Eufrazia alikaa kwenye kiti chake akikitazama kitanda. Alifikiria mama yake mzazi angesema nini. Alifikiria kisimani watasema nini kesho. Kisha akafikiria kiti, na kidevu kifuani, na usiku ulivyo mrefu.

"Aingie," alisema. "Lakini atazame ukuta."

Fabiani aliingia akitazama ukuta, na kwa kuwa alitazama ukuta hakuona mtungi. Maji yalitapakaa chumba kizima.

"Yesu na Maria!" Eufrazia alifoka. "Tazama mbele, wewe! Umeshaingia, unatazama ukuta wa nini?"

Basi alitazama mbele. Alinyanyua kichwa cha kitanda kwa mabega, akaingiza mhimili kwenye jino, akautikisa kuona kama umeshika. Akarudi hadi mlangoni na kusimama, mikono nyuma. Eufrazia alipanda, akaegemea. Sponji lilimpokea mgongo wote, pana, laini. Alivuta pumzi ndefu na ikafika mwisho.

"Limeinama kushoto," alisema.

"Nitaliwekea kipande kesho, mama."

"Utaweka. Haya nenda, mkeo anasubiri."

Kuanzia hapo akawa anakuja kila jioni, na asubuhi kukishusha. Hawakupatana kwa namna ambayo mtu angeiita mapatano. Eufrazia alimwambia ananyanyua kama anavuta nyavu tupu. Fabiani akamwambia afadhali nyavu tupu, hazisemi. Eufrazia alimkosoa viatu, alimkosoa kikohozi, alimkosoa habari zake za dhoruba, na akamkumbusha kwa ukali kila aliporuka kipande cha habari alichokwisha kumsimulia. Imakulata alipojifungua mtoto wa kike, Fabiani aliingia jioni hiyo akiwa na haraka na furaha, akakosea jino, na Eufrazia akamwambia baba wa namna hiyo atamvalisha mtoto nepi kichwani. Kisha akauliza mtoto ana uzito gani, na kama ananyonya, na akamtaka akae kwenye kigoda aeleze vizuri, asiruke kitu.

Bila shaka kisimani walisema. Siku moja Matilda alikuja na ndizi, akakaa barazani, akazungukazunguka na habari za mvua na bei ya chumvi, mpaka akafika alikotaka kufika.

"Mama Anselmo, mimi sisemi. Watu ndio wanasema. Mkwe kuingia chumbani! Na mtu mwenyewe ni mvuvi."

Eufrazia alimenya ndizi taratibu. Fabiani alikuwa nyuma ya nyumba akichonga kitu. Gonga gonga ya patasi ilikuwa imekatika ghafla.

"Matilda," alisema, "mkwe wako haingii chumbani kwako, sivyo?"

"Haingii! Ana adabu."

"Ana adabu. Na choo chako kimeanguka tangu Pasaka, na unajisaidia kwa jirani yako Prisila. Adabu yake imekaa wapi, kwenye shimo?" Alikula kipande cha ndizi. "Huyo mvuvi unayemsema ana mikono miwili na mdomo mmoja, na vyote anavitumia vibaya. Lakini kila jioni anakuja. Akichelewa ni kwa sababu ana mtoto. Sasa wewe nenda kisimani kawaambie hivyohivyo nilivyokuambia, usipunguze, maana nakujua unavyopunguza."

Matilda aliondoka bila kumaliza ndizi yake. Nyuma ya nyumba patasi ilianza tena kugonga, ikiwa na haraka kuliko mwanzo.

"Na wewe huko!" Eufrazia aliita. "Chonga polepole. Hakuna aliyekusifu."